Maswali ya Wasomaji: Ukivua Gwanda, Ushike Kazi Gani Uraiani?

Mwezi huu safu hii ni ya wasomaji wetu walio katika jeshi la Marekani na familia zao. Barua zimekuja nyingi, na karibu zote zinauliza jambo moja: mkataba unaisha, sasa nifanye kazi gani? Tumechagua nne. Tumejibu kwa urefu kwa sababu haki nyingi za mwanajeshi zina tarehe ya mwisho, na mtu akizisikia baada ya kukabidhi vifaa vya kikosi, nyingine huwa zimeshampita.

Niache usukani nisomee kompyuta?

*Wahariri, habari za kazi. Mimi ni dereva wa malori ya jeshi, 88M, mwaka wa nne huu. Mkataba wangu unaisha baada ya miezi kumi. Wenzangu wananiambia niachane na usukani nisomee kompyuta, eti huko ndiko kwenye pesa. Mke wangu anataka tuhamie Dallas aliko dada yake. Nianzie wapi? – Dereva, Killeen, Texas*

Kaka, anza kuchagua kazi, shule ije baadaye. Wengi wanaenda kinyume: wanajiandikisha chuoni kwa kuwa fedha za GI Bill, msaada wa serikali wa kumsomesha aliyetumikia jeshi, zipo, halafu mwaka wa pili wanagundua kwamba somo walilochagua halina ajira mjini kwao. Miezi ya GI Bill iliyokwisha kutumika hairudi.

Tenga jioni moja utafute matangazo 20 ya kazi za Dallas: kumi ya udereva wa malori, kumi ya kompyuta kwa anayeanza. Chora karatasi yenye safu tatu, yaani cheti kinachotakiwa, miaka ya uzoefu na mshahara. Kisha weka alama kwenye kila sharti: hili ninalo tayari, hili naweza kulipata ndani ya miezi kumi, hili litanichukua miaka. Karatasi hiyo itakwambia mengi kuliko ushauri wa bwenini. Upande wa udereva una miaka minne ya uzoefu, unakosa leseni ya kiraia tu. Upande wa kompyuta unaanza sifuri, ukishindana na waliomaliza shahada. Hilo lisikuzuie kama kompyuta ndiyo unayoipenda. Linamaanisha kwamba utahitaji kipato cha kukuvusha, na leseni ya lori inaweza kuwa hicho kipato.

Ukilinganisha mishahara, usitazame mshahara wa msingi wa jeshi peke yake. Posho ya nyumba na posho ya chakula hazikatwi kodi, na bima ya afya ya familia hulipii karibu chochote. Uraiani mshahara wote unakatwa kodi, bima inakatwa humo humo, na kodi ya nyumba inatoka mfukoni. Jumlisha vyote hivyo kabla ya kufurahia ofa yoyote.

Sasa leseni yenyewe. Dereva wa jeshi anaweza kusamehewa mtihani wa barabarani wa leseni ya magari ya biashara, ile CDL, akitimiza masharti mawili makuu. Awe ameendesha gari la aina hiyo jeshini kwa miaka miwili iliyotangulia moja kwa moja kuondoka kwake, na aombe akiwa bado kazini au ndani ya mwaka mmoja tangu aache. Rekodi yake ya barabarani nayo iwe safi, bila kufungiwa leseni. Kwa 88M, jimbo linaruhusiwa hata kukusamehe mtihani wa maandishi, ila si kila jimbo linafanya hivyo, kwa hiyo ulizia Texas mapema. Aliyepata msamaha huu halazimiki pia kupitia mafunzo ya lazima ya madereva wapya yaliyoanza Februari 2022. Mafunzo hayo katika shule binafsi hugharimu maelfu ya dola.

Wengi hukwama kwenye karatasi. Fomu ya msamaha inasainiwa na kamanda wako, akithibitisha gari uliloendesha na muda. Ukishahamia Dallas na kamanda naye akahamishiwa kambi nyingine, utatafuta saini hiyo kwa miezi. Isainiwe ukiwa bado kikosini, na uchukue nakala ya DA Form 348 yako, yaani rekodi ya udereva wako jeshini, pamoja na leseni yako ya kijeshi. Angalia kwamba 348 inataja magari kwa majina. Kama mwaka wako wa mwisho umewekwa ofisini au karakanani badala ya usukani, zungumza na sajenti wako leo, maana ile miaka miwili inahesabiwa kurudi nyuma kutoka siku unayoondoka.

Jambo la pili ni aina ya gari. Leseni ya daraja A ni ya gari lenye trela ambalo uzito wake wote unaoruhusiwa unafika pauni 26,001, na trela yenyewe inazidi pauni 10,000. Kama umeendesha LMTV, lile lori la jeshi la ukubwa wa kati, peke yake bila trela kubwa, hilo halikupi A. Kama umevuta trela ya PLS, lori kubwa la mizigo la jeshi, ile trela inayofungwa kwa ndoano badala ya kukaa juu ya sahani ya kichwa cha lori, unaweza kupewa A yenye kizuizi cha herufi O, kinachokukataza kuendesha kichwa na trela vya kawaida, na hiyo ndiyo kazi yenyewe ya barabarani. Suluhisho ni kuomba upangiwe kichwa cha lori cha M915 na trela yake katika miezi iliyobaki, na saa hizo ziandikwe. Kizuizi cha herufi E, cha gia za otomatiki, hakina uzito sana siku hizi kwa sababu kampuni nyingi kubwa zimeshahamia otomatiki.

Upande wa afya, daktari wa madereva hutoa cheti cha miezi 24 ikiwa presha iko chini ya 140/90. Ikizidi kidogo utapewa mwaka mmoja. Kama umegunduliwa na tatizo la kukatika pumzi usingizini, mashine ya CPAP haikuondoi barabarani, lakini madaktari wengi wanataka kuona rekodi ya kuitumia angalau saa 4 kwa asilimia 70 ya siku. Anza kuitumia sasa ili rekodi iwepo. Kisha ongeza idhini ya mizigo ya hatari, H. Inahitaji mtihani wa maandishi na alama za vidole za TSA, idara ya usalama wa usafiri, na ikiwa pamoja na idhini ya matangi, N, inafungua kazi za matangi ya mafuta zinazolipa vizuri na kumrudisha dereva nyumbani jioni. Mwenye mke na watoto aliangalie sana hilo la kurudi jioni.

Kuna pia SkillBridge. Katika siku 180 za mwisho kamanda anaweza kukuruhusu ufanye mafunzo katika kampuni ya kiraia huku mshahara wa jeshi ukiendelea. Muda halisi hutegemea cheo na kikosi, na kamanda ana haki ya kukataa, kwa hiyo peleka ombi mapema na uonyeshe nani atashika kazi yako. Kama moyo wako uko kwenye kompyuta, zitumie siku hizo huko. Utajua kama unaipenda kazi hiyo kabla ya kugusa mwezi hata mmoja wa GI Bill.

Kila mtu ananisukuma kwenye unesi

*Shikamooni wahariri. Mimi ni tabibu wa kikosi, 68W, nina cheti cha EMT, cha mhudumu wa dharura. Natoka mwakani. Shangazi zangu wote hapa Tacoma ni manesi na wanasema nisipoteze muda, niingie uuguzi moja kwa moja. Jeshi limenifundisha mengi kuliko nesi mwanafunzi. Je, sitapunguziwa masomo? – Binti wa Kisii, Washington*

Marahaba, binti yetu. Utapunguziwa kidogo, pungufu ya unavyotarajia. Ulichofanya jeshini ni kikubwa, lakini uraiani karatasi inayosimama peke yake ni EMT. Kutoboa kifua kutoa hewa, kuweka laini ya dripu gizani, mambo kama hayo kwa kawaida huruhusiwi kuyafanya kwa cheti cha EMT peke yake. Linda cheti hicho: kinaisha tarehe 31 Machi kila baada ya miaka miwili, na kinataka saa 40 za masomo, 20 za kitaifa, 10 za eneo lako na 10 za kuchagua mwenyewe. Ukiwa kikosini mafunzo hayo yanakuja yenyewe. Ukitoka utayalipia.

Kuhusu uuguzi, jiulize kwanza kama unataka kazi yenyewe: zamu za saa 12, nusu ya mwaka ni usiku, na wagonjwa wengi ni wazee wenye maradhi ya muda mrefu, si majeruhi vijana uliowazoea. Jamii yetu huku imeufanya uuguzi kuwa mlango mmoja wa kila mtu, na ni kazi ya heshima, lakini tunaona pia waliomaliza wakachoka mwaka wa pili. Kama ulichopenda ni mashine na picha, tazama kozi ya miaka miwili ya radiografia. Kama ni dharura, endelea hadi paramedic, ngazi ya juu ya wahudumu wa dharura. Hospitali za maveterani nazo zina mpango wa kuajiri waliokuwa matabibu wa jeshi, unaitwa Intermediate Care Technician, ambao unakuruhusu kufanya sehemu kubwa ya ulichojifunza na kupokea mshahara ukiwa bado unaamua.

Ukiamua uuguzi, tumia miezi iliyobaki kumaliza masomo ya awali: anatomia na fiziolojia ya kwanza na ya pili, mikrobiolojia, takwimu, na uandishi wa Kiingereza. Ukiwa bado ndani, Tuition Assistance, msaada wa ada wa jeshi, inalipa hadi dola 250 kwa kila krediti, na haigusi GI Bill. Sharti ni kwamba kozi imalizike kabla hujatoka. Masomo ya sayansi yasome kwenye chuo chenye maabara halisi, maana vyuo vingi vya uuguzi vinakataa maabara ya mtandaoni, na vingi hukataa sayansi iliyopita miaka mitano au saba. Nakala yako ya mafunzo ya kijeshi, Joint Services Transcript, itume bure kwa kila chuo unachoomba. Itakupa krediti za hapa na pale, mara chache zikigusa uuguzi wenyewe.

Hesabu iko hivi. GI Bill kamili, kwa aliyetumikia miezi 36, ni miezi 36 ya masomo, sawa na miaka minne ya chuo ya miezi tisa tisa. Stashahada ya uuguzi ya chuo cha jamii ni miaka miwili baada ya masomo ya awali. Ukimaliza masomo ya awali kwa fedha za jeshi, stashahada inakula miezi 18 na unabaki na 18. Hapo unafanya mtihani wa leseni ya uuguzi, NCLEX-RN, unaanza kazi, na miezi iliyobaki inakutosha kufikia shahada huku ukilipwa mshahara wa nesi. Dada aliyeanza yote kwa GI Bill tangu siku ya kwanza anaweza kumaliza miezi kabla ya shahada.

Posho ya nyumba inafuata eneo la chuo, kwa kiwango cha askari wa cheo cha E-5 mwenye familia. Ukisoma mtandaoni tupu, inashuka hadi nusu ya wastani wa kitaifa, kwa hiyo kila muhula chukua angalau darasa moja la kukaa ukumbini. Na haikulipi wakati wa likizo kati ya mihula, jambo linalowakuta wengi Desemba wakiwa hawana kodi ya nyumba. Weka akiba ya mwezi mmoja kabla ya kuanza.

Kabla ya kusaini popote, tafuta chuo hicho kwenye tovuti ya bodi ya uuguzi ya Washington uone asilimia ya wanafunzi wake waliofaulu NCLEX mara ya kwanza, na hakikisha kina ithibati ya ACEN au CCNE. Chuo binafsi kinachokupigia simu mara tatu kwa wiki kwa kuwa una GI Bill, kikague mara mbili.

Mume wangu anatoka, na mimi ni mjamzito

*Mume wangu ni sajenti, ana miaka saba jeshini, anatoka baada ya miezi mitano. Anasema GI Bill yake atawapa watoto wakikua, yeye ataendesha biashara. Mimi nina mimba ya miezi mitatu na sijui bima itakuwaje. – Mama wa wawili, Clarksville, Tennessee*

Hongera kwa mimba, mama. Lakini mnahitaji kukaa chini wiki hii, nyote wawili. GI Bill inahamishwa kwa mke au watoto na mtu aliye bado jeshini tu, mwenye angalau miaka sita ya utumishi na anayekubali kutumikia minne zaidi. Akishatoka bila kuingia Jeshi la Akiba (Reserve) au National Guard (jeshi la jimbo), mlango huo umefungwa kabisa. Atabaki nayo yeye mwenyewe, na haina tarehe ya kuisha kwa waliotoka kuanzia tarehe 1 Januari 2013, lakini watoto hawataigusa.

Bima ni haraka zaidi. Anayetoka kwa hiari baada ya mkataba kwa kawaida hupoteza TRICARE, bima ya afya ya jeshi, usiku wa siku ya mwisho, na familia nzima naye. Ile miezi sita ya bima ya mpito ambayo watu huitaja si ya kila mtu. Mimba yako itakuwa ya miezi minane siku hiyo.

Kuna njia inayotatua yote mawili kwa pamoja: aingie Akiba au National Guard siku inayofuata kutoka kwake, bila pengo hata la siku moja. Hapo anastahili siku 180 za bima ya mpito, ambazo zitakuvusha hadi baada ya kujifungua, kisha mnaweza kununua TRICARE Reserve Select kwa malipo ya kila mwezi. Na akikubali miaka minne ya Akiba, anaweza kuomba kuhamisha GI Bill kupitia tovuti ya milConnect. Ahamishe angalau mwezi mmoja kwa kila mtoto, maana kugawanya upya baadaye inawezekana, kuongeza jina jipya baada ya kutoka haiwezekani. Kwa mtoto aliye tumboni, ajaze mara tu anapoandikishwa kwenye DEERS, orodha ya jeshi ya wanafamilia.

Akikataa Akiba, basi msisubiri chochote: ndani ya siku 60 kabla au baada ya kupoteza TRICARE mnaruhusiwa kujiandikisha kwenye soko la bima la serikali, na wewe kwa ujauzito wako uliza kama mnastahili Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Bima ya maisha ya jeshi inaendelea bure siku 120. Akiigeuza kuwa VGLI, bima ya maisha ya maveterani, ndani ya siku 240 hataulizwa swali lolote la afya.

Nina kadi ya kijani, nataka ama kazi ya serikali ama kurudi Tanga

*Mimi ni Mtanzania, kazi yangu jeshini ni ghala na vipuri, 92A. Nina kadi ya kijani. Ninawaza kuomba kazi ya kiraia kwenye ghala la serikali, au nitoe pesa zangu za TSP, akiba yangu ya kustaafu, kama dola 18,000, nirudi Tanga nifungue biashara ya usafirishaji. – Mwanajeshi, Fayetteville, North Carolina*

Ndugu, njia zote mbili zinapitia uamuzi mmoja: uraia. Kazi za kudumu za serikali kuu ya Marekani ni za raia, isipokuwa mara chache sana. Mwanajeshi anaomba uraia kwa fomu N-400 bila ada, pamoja na N-426 inayothibitishwa na kikosi, na kwa kuwa kipindi kilichoanza Septemba 11, 2001 bado kinahesabika kuwa cha mapambano, hahitaji kusubiri miaka mitano. Ukiwa ndani, N-426 inasainiwa na kikosi chenyewe. Fahamu kwamba Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, tofauti na Kenya ambayo Katiba yake ya 2010 inauruhusu kwa aliyezaliwa raia. Ukiapa Marekani, unapoteza wa Tanzania. Na ukibaki na kadi ya kijani ukaenda Tanga zaidi ya mwaka bila kibali cha kuingia tena, kadi yenyewe iko hatarini. Kibali hicho, fomu I-131, huombwa ukiwa ndani ya Marekani.

Ukichagua kazi ya serikali, kuna ajira ya maveterani inayoitwa VRA: ndani ya miaka mitatu tangu utoke, idara inaweza kukuajiri hadi daraja la 11 la mishahara ya serikali (GS-11) bila ushindani wa kawaida. Kwenye wasifu wako usiandike "92A". Mfumo wa ghala wa GCSS-Army unaoutumia kila siku umejengwa juu ya SAP, programu inayotumiwa na makampuni, na SAP ndilo neno ambalo mwajiri anatafuta. Badala ya "nilisimamia ghala", andika thamani ya vifaa ulivyosaini, idadi ya oda kwa wiki, na ukaguzi ulipita kwa asilimia ngapi. Takwimu hizo zichukue kwenye ripoti za kikosi kabla akaunti yako haijafungwa.

Ukichagua Tanga, usiivunje TSP. Kama fedha hizo ziko upande wa Traditional, ambao haujakatwa kodi, wakikulipa taslimu watakata asilimia 20 kwa ajili ya kodi papo hapo, dola 3,600, na wakati wa kufunga hesabu za kodi itaongezwa adhabu ya asilimia 10, dola 1,800, kwa kuwa hujafika miaka 59 na nusu. Mtaji wa lori hautokani na fedha hiyo. Iache ikue, na anza biashara kwa akiba ya kawaida na mzigo wa kukodi.

Dai lako la fidia ya maumivu au ulemavu liwasilishe kati ya siku 180 na 90 kabla ya kutoka, ili vipimo vifanyike kambini. Kumpata daktari wa kufanya vipimo hivyo ukiwa Tanga ni kazi kubwa, wakati malipo yakishapitishwa yanakufuata hata ukiwa nyumbani, na mpango wa Foreign Medical hulipia matibabu ya yale yaliyokubaliwa kuwa yametokana na jeshi. Chukua nakala nzima ya faili lako la hospitali kabla ya kutoka, kwenye diski na kwenye karatasi.